Maji Yako Wapi? Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Uchapaji wa Fulana kwa Rangi za Maji

Katika karakana ndogo inayochapa fulana kwa skrini (fremu yenye wavu unaopitisha rangi) na rangi za maji, hitilafu nyingi huja na sura zinazofanana: picha ina mabaka, kingo za herufi hazikukatika vizuri, au mteja amerudi na fulana iliyofifia baada ya kufuliwa mara moja. Kwa kuwa sura zinafanana, fundi hushawishika kuzitibu zote kwa dawa moja, ama kuongeza maji, ama kuongeza fiksa (dawa ya kuishikiza rangi), ama kukandamiza skwiji (mpira wa kusukumia rangi kwenye wavu) kwa nguvu zaidi, na kila mojawapo ya dawa hizo ikitumiwa pasipostahili huzaa hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mimi hujiuliza swali moja kabla sijagusa chochote: maji yako wapi? Rangi ya maji ni pigimenti (chembe za rangi) na binda ya akriliki (gundi ya kuzishika) vilivyobebwa na maji, na sehemu kubwa ya matatizo yake hutokea kwa sababu maji hayo yameondoka mapema, au yamechelewa kuondoka, au yamefika mahali yasipotakiwa.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya hali ya hewa na kalenda ya kazi. Oda kubwa za fulana za Mei Mosi huangukia ndani ya masika, wakati hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa imejaa unyevu kiasi kwamba skrini iliyopakwa emulsheni jioni (dawa inayoganda kwa mwanga na kuziba wavu, isipokuwa pale mchoro ulipouzuia mwanga) inaweza kuamka bado mbichi, na fulana zilizoanikwa asubuhi hazijakauka hadi jua linazama. Fundi huyohuyo akihamishia vifaa vyake Dodoma wakati wa kiangazi atakutana na kinyume chake, kwani hewa kavu itamkaushia rangi kwenye wavu kabla hajafika fulana ya ishirini. Kwa hiyo maelekezo yaliyomfaa mwenzako wa mji mwingine, au yaliyoandikwa kwenye kopo na kiwanda kilicho nchi ya baridi, ni ya kuanzia tu.

Rangi inayokauka kwenye wavu

Dalili ya tatizo hili huja kwa mfululizo. Fulana za kwanza hutoka safi, kisha mistari myembamba huanza kukatika, halafu pembe za herufi hupungua, na mwishowe eneo zima hutoka na mabaka yasiyo na rangi. Mfululizo huo ndio unaokuambia kwamba maji yanaondoka wakati wa kazi. Kama mstari umekosekana tangu fulana ya kwanza, rangi haina hatia. Inua skrini uitazame dhidi ya mwanga, na huenda ukaona utando mwembamba wa emulsheni uliobaki kwenye matundu, ama kwa sababu skrini haikuoshwa vya kutosha, ama kwa sababu mchoro uliowekwa juu ya emulsheni haukuwa mweusi vya kutosha kuzuia mwanga. Karatasi angavu ya kuchorea iliyotolewa kwenye printa ya leza mara nyingi hupitisha mwanga kidogo, na kupachika nakala mbili zilizolingana moja juu ya nyingine huwa kunatosha kuondoa tatizo hilo.

Ukishathibitisha kwamba rangi inakauka kweli, chunguza kwanza mkono wako. Baada ya kila chapa, skrini ikiwa imeinuliwa, rangi inapaswa kurudishwa juu ya mchoro kwa kupitisha skwiji kwa wepesi bila kukandamiza, ili matundu yote yabaki yamefunikwa na rangi mbichi wakati fulana nyingine inavalishwa kwenye ubao. Fundi aliyezoea plastisoli, rangi ya plastiki isiyo na maji ambayo haikauki bila joto, huiacha skrini wazi akipokea simu ya mteja, na akirudi anakuta matundu yameziba. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuweka rangi kidogo mno kwa nia ya kubana matumizi. Rundo dogo la rangi lina maji machache, na maji machache huisha haraka.

Baada ya mkono, tazama mazingira. Feni inayompoza fundi huipoza skrini pia, yaani huikausha, kwa hiyo ielekezwe kwenye fulana zilizokwisha kuchapwa. Ubao wa kuchapia uliopata moto kutokana na kukausha tabaka la kwanza huipasha rangi kutoka chini kila skrini inaposhuka, na hii ndiyo sababu kazi ya rangi mbili inaweza kuziba wavu wakati kazi ya rangi moja iliyotangulia haikusumbua. Wacha ubao upoe hadi uweze kuweka kiganja juu yake bila kukiondoa.

Kuhusu kuongeza maji, chupa ya kunyunyizia yenye maji safi iwe karibu, unyunyize ukungu mwembamba juu ya rangi kila baada ya fulana kumi au kumi na tano, kisha ukoroge. Mimi sizidishi jumla ya gramu 5 za maji kwa kila gramu 100 za rangi, kwa sababu zaidi ya hapo rangi huanza kutambaa pembeni mwa mchoro. Dawa ya kuchelewesha ukaukaji inasaidia sehemu kavu, lakini haichagui mahali pa kufanya kazi: inachelewesha ukaukaji kwenye wavu na kwenye fulana pia, hivyo ukiitumia itakubidi urefushe muda wa kuivisha, yaani kuipasha rangi joto hadi ishike kabisa. Wavu ukiwa umeshaziba, futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji, chapa mara mbili tatu juu ya kitambaa kikuukuu hadi mchoro ufunguke, kisha uendelee. Rangi ikishaganda kabisa, maji hayataiyeyusha, na kuikwangua kwa ukucha au kisu ni kuuchana wavu.

Rangi inayotoka kwenye ufuaji

Hapa ndipo karakana hupoteza wateja, na hapa ndipo utambuzi unapaswa kuwa wa makini kuliko popote, kwa kuwa rangi hutoka kwa njia tatu tofauti na kila njia ina chanzo chake. Chukua fulana moja ya kundi, isubiri siku moja baada ya kuivishwa, sugua picha kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha kwa kitambaa cheupe chenye maji, na mwisho uifue kwa sabuni ya unga kama itakavyofuliwa nyumbani. Ikiwa picha nzima inafifia kwa usawa na maji ya kufulia yanapata rangi, rangi haikuiva. Ikiwa picha inabanduka vipande vipande kama magamba, rangi ilikaa juu ya kitambaa bila kuingia ndani ya nyuzi. Na ikiwa inaacha alama kwenye kitambaa kikavu ingawa hainyofoki na ilipata joto la kutosha, pigimenti ilizidi uwezo wa binda.

Kuiva kunaeleweka vibaya. Watu husema rangi imekauka wakiwa na maana kwamba haishiki kidole, lakini kukauka na kuiva ni hatua mbili. Maadamu kuna maji ndani ya tabaka la rangi, joto linalopelekwa huishia kuyageuza mvuke, na tabaka lenyewe haliwezi kupanda mbali zaidi ya nyuzi joto 100. Maji yakishaisha ndipo rangi hupanda hadi nyuzi 150 au 160, na rangi nyingi za aina hii huhitaji kukaa katika joto hilo kwa dakika 2 hadi 3 ili binda ifungamane. Hivyo fundi anayehesabu dakika zake tangu fulana mbichi inapoingia kwenye mashine ya kukandamiza kwa joto amehesabu wakati wa mvuke, si wakati wa kuiva. Kuanika fulana juani siku nzima, hata jua la Januari, hukausha tu. Hakuivishi rangi isiyo na fiksa.

Kwa mwenye mashine ya kukandamiza, fulana ianikwe kwanza hadi iguswe bila ubaridi, kwani ubaridi huo ni unyevu. Iwekwe kwenye mashine iliyotegeshwa nyuzi 160, juu yake karatasi ya silikoni, na mgandamizo uwe mwepesi. Mimi hufunga kwa sekunde 20, naifungua mvuke utoke, nafunga tena, na kurudia hadi jumla ikaribie dakika 2, kisha fulana ya majaribio huamua kama muda uongezwe. Anayetumia pasi atumie pasi kavu isiyotoa mvuke, aisogeze polepole, na ageuze fulana apige upande wa ndani vilevile. Inawezekana kabisa kufanya kazi nzuri kwa pasi, ila fulana 100 kwa pasi ni adhabu.

Usiamini namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine bila kuipima. Niliwahi kurudishiwa fulana ambazo maandishi yake yalikuwa imara upande wa kulia na yamefifia upande wa kushoto, zote bila kukosa, na kwa siku mbili nililaumu rangi, kitambaa na sabuni ya mteja. Nilipogeuza fulana moja ya majaribio kichwa chini miguu juu kwenye mashine, upande uliofifia ukahama. Sehemu moja ya sahani haikuwa ikipata moto. Hitilafu inayorudi mahali palepale kwenye kila fulana hutoka kwenye kifaa, nayo inayorukaruka hutoka kwenye rangi, kitambaa au mkono. Vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kwa joto, au kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, vitakuonyesha tofauti hiyo mapema. Aidha, umeme ukiwa hafifu sahani hushindwa kurejea kwenye joto lake kati ya fulana na fulana, hivyo fulana ya thelathini hupata joto pungufu kuliko ya kwanza.

Fiksa hutoa njia ya kuivisha kwa joto dogo au bila joto kabisa kwa muda wa siku kadhaa, na ndiyo tegemeo la karakana nyingi zisizo na mashine. Huchanganywa kwa kiasi kidogo, mara nyingi gramu 1 hadi 3 kwa gramu 100 za rangi kulingana na maelekezo ya kopo, na kiasi hicho hakipimwi kwa kifuniko cha soda. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Ikumbukwe kwamba rangi iliyotiwa fiksa inaanza kufungamana hapohapo kwenye ndoo, na kesho yake haifai hata ikionekana laini. Fulana iliyochapwa kwa rangi ya jana ni miongoni mwa sababu za kufifia ambazo hakuna mtu anayezitaja karakanani, kwa sababu kila mmoja anajua nani aliamua kutoimwaga.

Kuhusu pigimenti kuzidi, tatizo huwapata wanaochanganya wenyewe pigimenti na binda, hasa katika rangi nyeusi, nyekundu na bluu iliyokoza. Binda ndiyo gundi, na kila chembe ya pigimenti inahitaji kuzungukwa nayo. Watengenezaji wengi huweka ukomo mahali fulani kati ya gramu 5 na 10 za pigimenti kwa gramu 100, na kuvuka hapo hakuongezi weusi unaoonekana bali huongeza chembe zisizoshikwa na chochote. Ukitaka weusi zaidi, chapa mara mbili.

Kubanduka kwa magamba kunakuelekeza kwenye kitambaa. Fulana nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na dawa za kulainisha au za kuzuia unyevu, nazo huikataa rangi ya maji. Dondosha tone la maji mahali pasipochapwa. Likizama ndani ya sekunde chache, kitambaa kinapokea, na likisimama kama ushanga, kitambaa kinahitaji kufuliwa kwanza au kurudishwa dukani. Jaribio hilo lifanyike kabla ya kununua dazeni kumi, si baada ya hapo.

Emulsheni inayobomoka katikati ya kazi

Skrini inaanza vizuri, kisha vitundu vya rangi vinajitokeza pasipo na mchoro, kingo zinalegea, na hatimaye kipande cha emulsheni kinabaki kwenye skwiji. Hapa maji yamefika yasipotakiwa, yaani ndani ya emulsheni yenyewe, na karibu kila mara mlango ulifunguliwa siku moja kabla ya uchapaji.

Hakikisha kwanza kwamba emulsheni uliyonunua imeandikwa kuwa inahimili rangi za maji, kwa kuwa zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya plastisoli peke yake. Kama aina ni sahihi, mtuhumiwa wa pili ni unyevu kabla ya kupigwa mwanga. Emulsheni inayoonekana kavu juu inaweza kuwa mbichi ndani, na sehemu mbichi haigandi hata ikipigwa mwanga mara mbili. Wakati wa masika skrini ilazwe gizani, upande unaogusa fulana ukitazama chini, katika kijichumba chenye feni, na ikiwezekana kipimo cha unyevu wa hewa kisome chini ya asilimia 50. Mafundi wasio na uwezo huo huwasha balbu ya moto ndani ya kabati lililofunikwa nguo nyeusi pande zote. Balbu hiyo ifungiwe ndani ya kopo la bati ili itoe joto bila kumwaga mwanga.

Mtuhumiwa wa tatu ni mwanga pungufu, na ushahidi wake ni utelezi. Unapoosha skrini, pitisha kidole upande wa ndani. Ukihisi ute unaotiririka, mwanga haukufika chini ya tabaka. Badala ya kukisia, tenga skrini moja kwa jaribio la ngazi: funika mchoro kwa kadibodi, uisogeze kila baada ya muda ulio sawa hadi upate mikanda mitano au sita yenye muda tofauti, kisha uoshe. Chagua mkanda ambao ute umekoma huku mistari myembamba ikiwa bado inafunguka. Wanaotumia jua wafanye jaribio hilo saa ileile watakayofanyia kazi, kwa kuwa jua la saa sita mchana na la saa tisa alasiri ni taa mbili tofauti, na wingu moja linalopita linatosha kuharibu hesabu.

Baada ya kuosha na kukausha, irudishe skrini kwenye mwanga bila mchoro kwa muda mrefu, hata kwa kuiacha juani saa nzima. Hakuna cha kupoteza tena, kwani matundu yameshafunguka, na emulsheni iliyobaki inazidi kuwa ngumu. Hatua hii haigharimu chochote, na sielewi kwa nini inaachwa. Vitundu vidogo vilivyotokana na vumbi kwenye kioo cha kupigia mwanga vizibwe kwa emulsheni au tepu upande unaogusa fulana kabla ya kuanza kazi.

Kingo zinazotambaa na picha inayojirudia

Rangi ikivuka mpaka wa mchoro, chunguza mambo kwa mfuatano huu: uzito wa rangi, mwanya, skwiji, kisha wavu. Kati ya wavu na fulana panapaswa kuwe na mwanya wa milimita 2 hivi, ili wavu uguse kitambaa pale tu skwiji inapopita na kuachia mara moja. Wavu unaolala juu ya fulana hubaki na rangi chini yake, na fulana ya pili huchapwa na rangi hiyo ya chini. Mpira wa skwiji ulioviringika ukingo husukuma rangi nyingi mno, na mpira wenye ugumu wa 65 hadi 75 kwa kipimo cha Shore A hufaa kazi nyingi za rangi za maji. Wavu wenye nyuzi 43 kwa sentimita humwaga rangi nyingi na hufaa maeneo mapana. Kwa maandishi madogo tumia nyuzi 61 hadi 77. Ukinunua wavu uliopimwa kwa inchi, gawanya namba yake kwa 2.54, maana 110 ya inchi na 110 ya sentimita ni vitu viwili tofauti kabisa, na wauzaji hawasemi kila mara wanazungumzia ipi.

Picha inayojirudia kama kivuli humaanisha fulana ilisogea. Gundi ya ubao hupoteza nguvu kwa unyevu na nyuzinyuzi za fulana zilizotangulia, kwa hiyo isafishwe na kupakwa upya.

Nyeupe juu ya fulana nyeusi, na fulana za michezo

Rangi ya maji ya kawaida inapenyeza mwanga, hivyo njano juu ya fulana nyeusi hutoweka, na hilo si kosa la mtu. Inahitajika nyeupe nzito yenye titani dioksaidi (pigimenti nyeupe isiyopitisha mwanga), wavu wa nyuzi 43 hadi 55 kwa sentimita, na tabaka mbili zenye kukausha kidogo katikati. Tabaka la kwanza likaushwe hadi lisishike kidole tu. Likiivishwa kabisa, la pili halitashikamana nalo vizuri. Nyeupe inayotoka ya kijivu mara nyingi imechapwa kwa nguvu nyingi, ikazamishwa ndani ya kitambaa badala ya kulazwa juu.

Nyeupe inayogeuka pinki juu ya jezi nyekundu ni jambo jingine. Jezi hizo ni za poliesta, na rangi ya kitambaa hicho hugeuka mvuke kwa joto kali na kupanda hadi kwenye picha, wakati mwingine baada ya siku kadhaa tangu kazi ilipokabidhiwa. Hapo joto ndilo adui, na dawa ni fiksa pamoja na joto dogo, ama rangi nyeupe iliyotengenezwa mahsusi kuzuia mpando huo. Kwa oda ya jezi za shule, chapa moja, iache wiki nzima, ndipo ukubali tarehe ya kukabidhi.

Kopo linalotoa harufu ya uozo badala ya harufu yake ya kawaida limeingiwa na vijidudu, mara nyingi kwa sababu mabaki ya rangi iliyozimuliwa kwa maji ya ndoo yalirudishwa ndani. Rangi hiyo hupoteza uzito wake na haishikiki tena. Mabaki yawekwe katika kopo la pembeni lenye tarehe, na yale yaliyotiwa fiksa yasirudishwe popote.